Farasi Wawili na Jina la Mama Ernestina

Alhamisi ile, Mama Goreth alipomwita nyuma ya saluni, Estella alidhani amekosea kuchanganya dawa ya nywele. Ndivyo alivyoumbwa: akiitwa tu, moyo wake unaanza kutafuta kosa. Alijifuta mikono kwenye aproni, akapita kati ya wateja waliokaa chini ya mashine za kukaushia, akamkuta mama huyo mwenye saluni amesimama kando ya ndoo za maji, hereni amezivua na kuzishika mkononi.

“Funga mlango, binti yangu.”

Estella akafunga.

“Baudouin, yule mtu wao wa Uvira, amefika jana. Wiki nne njiani kutoka Kigoma, malori na miguu. Ameleta habari ya mama yake Larissa.” Mama Goreth akashusha sauti. “Ernestina hatunaye. Vita vilipoingia Uvira walivuka ziwa, homa ikamkuta kambini. Wamemzika hukohuko, mwezi uliopita.”

Upande wa pili wa mlango Larissa alikuwa anacheka. Alikuwa anamsuka mteja huku akimwimbia maneno ya papo kwa papo, mbiombio, na mteja alikuwa analalamika, “Acha weye, nitapata mstari wa kombo nikitikisika hivi!”

“Asijue leo,” Mama Goreth akasema. “Wala kesho. Wewe ndiwe unayekaa naye, kwa hiyo nakuambia wewe peke yako. Jumamosi asubuhi tutakuja, sisi wamama wa kanisa pamoja na Papa Léonidas. Hakikisha amekula. Ondoa vitu vya kuvunjika. Na ukitaka kulia, lia humu ndani, sasa hivi.”

“Mama, siku mbili…”

“Siku mbili ni nini? Mtu anaambiwa msiba akiwa na watu wa kumshika. Unataka aanguke wapi, hapo kwenye nywele zilizokatwa? Kwenu Burundi mnafanyaje?”

Kwao Burundi walifanya vivyo hivyo. Estella mwenyewe aliambiwa kifo cha baba yake baada ya kulishwa sahani nzima ya maharage, wanawake kumi na mmoja wakiwa wamemzunguka, na tangu siku hiyo maharage hayakumpita vizuri kooni. Aliitikia kwa kichwa. Akalia kidogo juu ya ndoo, akanawa uso, akarudi kuosha vichwa vya watu.

*

Mwaka ulikuwa 1998, na kwa wahamiaji wa Durban, kuanzia wauza simu wa mjini hadi wanafunzi wa kule juu Berea, Larissa na Estella walijulikana kwa jina moja: Farasi Wawili.

Jina lilitokana na dirisha. Chumba chao cha Greyville kilikuwa ghorofa ya tatu, kikitazama uwanja wa mbio za farasi, na siku za mashindano kioo kilitetemeka kabla hawajaona kitu. Urbain, fundi wa simu mwenye mashine ya kurekodia chumbani kwake Sydenham, alikuja siku moja na kinasa sauti kidogo, akakining’iniza nje ya dirisha kwa kamba, akakamata kishindo cha kwato. Akakikatakata, akakirudia, kikawa ngoma yao. Watu wengine walirap juu ya midundo waliyoikopa kwenye kanda za Amerika. Wao walirap juu ya farasi.

Lakini kilichowafanya watu wanyamaze na kusikiliza kilikuwa kitu kingine, nacho kilianza saluni, bila mpango. Larissa, mtoto wa Uvira, alikuwa na mdomo usiokanyaga breki. Alizoea, kama wanamuziki wote wa kwao, kurusha majina ndani ya wimbo: mchumba wa fulani, tajiri fulani, shangazi aliyeachwa Bukavu. Estella, aliyekuwa anafagia, alimjibu chini kwa chini bila kujua kama anasikika. Alinong’ona kama alivyonong’ona babu yake huko Gitega akipiga inanga, ule ubao wenye nyuzi ambao mpigaji wake haimbi kwa sauti, ananong’ona tu, mpaka unahisi anasema na wewe peke yako.

“Larissa alirusha: ‘Papa Félix wa Kalemie!’” Urbain alipenda kusimulia. “Na huyu mwenye ufagio akanong’ona: ‘Yupo.’ Mimi nywele zikanisimama. Nikasema, hapa iko kitu.”

“Yupo, yupo!” Larissa alimtania Estella. “Kiswahili cha mwalimu. Sema ‘iko’ kama watu, ma chère.”

“Babu yangu hakusema ‘iko.’”

“Babu yako hakuniambia kwamba mjukuu wake hasikiki hata akiwa ndani ya taxi!”

Tangu hapo ndivyo walivyofanya kazi. Mwishoni mwa kila wimbo Larissa alirusha majina, moja baada ya jingine. Baada ya kila jina Urbain alizizima kwato, kimya kama cha mtu anayemeza mate, na katika kimya hicho Estella alinong’ona neno lake. Yupo. Watu waliokuwa na ndugu zao waliopotea nyuma ya vita walikuja saluni kuomba jina litiwe. Hawakuja kujisifu, kama watu wa muziki wa kwao walivyozoea. Walitaka tu kusikia mtu anasema, gizani mle mwa kanda, kwamba ndugu yao yupo. Na Farasi Wawili walijiwekea sharti moja, Larissa ndiye aliyelitunga: jina la marehemu halirushwi. “Ya wafu iko kanisani,” alisema. “Yetu ni ya wazima.”

*

Ijumaa, siku moja baada ya maneno ya nyuma ya saluni, ilikuwa siku ya kurekodi wimbo wa mwisho wa kanda yao ya kwanza. Elysée, mtu wa Johannesburg aliyekuwa akizidisha kanda na kuzisambaza kwa Wakongo na Warundi wa miji yote, alikuwa amefika asubuhi, na basi lake la kurudi lilikuwa la saa kumi na mbili jioni. Kanda ikimkosa hapo, basi ni mpaka mwakani.

Estella alijaribu.

“Koo linaniuma,” alisema wakiwa bado kitandani.

“Koo?” Larissa alikaa, akamtazama, kisha akaangua kicheko. “Weye ambaye unanong’ona tu? Koo la kazi gani? Mimi ndiye ninayepiga kelele kama muuza samaki, koo liko sharp. Amka.”

Alijaribu tena njiani. Alisema wangoje wiki ijayo, alisema Urbain hajamaliza kurekebisha mashine, alisema ana ndoto mbaya. Larissa alimshika mkono tu na kumvuta kuvuka barabara robot, ile taa ya barabarani, ilipokuwa bado nyekundu. Alinunua chipsi za siki kwenye kona, akala huku anacheka mate ya siki yakimwingia puani. Estella alimtazama akicheka. Alifikiri: Hiki ni kicheko cha mtu ambaye mama yake amezikwa mwezi uliopita. Alitamani kukizuia kwa mkono, kama mtu anavyozuia mlango usigonge.

Chumba cha Urbain kilikuwa na mablanketi dirishani na joto la kuoka mkate. Maikrofoni nzuri ilikuwa moja tu, kwa hiyo walisimama kama siku zote, shavu kwa shavu, hata Estella akasikia siki kwenye pumzi ya mwenzake. Sauti zao zingeingia pamoja kwenye njia moja ya kanda, na kilichoingia pamoja hakitenganishwi.

Kwato zikaanza. Larissa aliingia juu yake kama kawaida yake, amechelewa nusu hatua makusudi, akikimbiza maneno: mpaka wa Msumbiji, foleni ya makaratasi, nywele za watu, mvua ya Durban inayokuja bila kupiga hodi. Alikuwa mzuri siku ile. Urbain alisahau kufunga mdomo.

Kisha majina.

“Israël, fundi wa Fizi!”

Kwato zikazima. “Yupo,” Estella akanong’ona.

“Bernadette wa Buyenzi, mwenye mandazi!”

“Yupo.”

“Tonton Gaël, Lusaka, lete barua!”

“Yupo.”

Larissa akavuta pumzi. Estella aliihisi ile pumzi shavuni, na akajua kabla ya kusikia.

“Mama Ernestina! Wa Uvira, wa mimi! Kaa hapo hapo mlangoni, mama, ninakuja!”

Kwato zikazima.

Kile kimya, Urbain aliwahi kukipima, kilikuwa sekunde moja na nusu. Estella aliona ndani yake mambo mengi. Akinyamaza, Larissa atageuka. Akigeuka atamwona usoni, na akimwona usoni atajua, hapa, bila mama yeyote wa kumshika, na Elysée amekaa pale kwenye kochi na tiketi mfukoni. Akisema, atakuwa amemwita mtu aliyelala chini ya udongo wa Kigoma kuwa yu mzima, kwa sauti ile ile ambayo watu walikuwa wanaiamini.

“Yupo,” Estella akanong’ona.

Lilitoka laini kuliko yote aliyowahi kusema. Urbain aliinua kidole gumba. Kwato zikarudi, Larissa akamalizia wimbo, akamkumbatia Estella mpaka mbavu zikauma.

“Umesikia hiyo ya mama? Eh? Umeisema vizuri, vraiment. Nimehisi kama nimemwona amekaa.”

Saa kumi na mbili kanda ilikuwa ndani ya basi, inaelekea Johannesburg.

*

Jumamosi Estella alipika mayai manne. Larissa alikula matatu, akashangaa.

“Leo iko sikukuu gani?”

Saa tatu ikabishwa hodi. Waliingia Mama Goreth na wamama sita, vitenge vimefungwa juu ya nguo, masikio matupu kama ya wafiwa, na nyuma yao Papa Léonidas, mzee wa kanisa, ameshika kofia. Larissa aliwatazama mmoja mmoja, bado na kipande cha mkate mkononi.

“Mmekuja kunichumbia?” akauliza. “Kwa nani? Papa Léonidas, si kwako, eh?”

Mwanamke mmoja alikwenda kusimama nyuma yake. Mwingine akamtoa mkate mkononi taratibu, kama mtu anavyomnyang’anya mtoto kisu. Hapo Larissa akazitazama tena zile hereni ambazo hazikuwapo, akasema, “Hapana,” kabla Mama Goreth hajafungua mdomo.

Walimshika. Hilo lilikwenda kama lilivyopangwa. Alipoanguka, aliangukia mikono ya watu wanane.

Siku tatu godoro lilikuwa chini na wanawake walilala kumzunguka. Estella alichota maji, alipika chai, alifungua mlango na kuufunga. Siku ya nne, wageni walipopungua, Larissa alikaa dirishani akitazama uwanja mtupu wa farasi. Sauti yake ilikuwa imekauka.

“Baudouin alifika lini?”

“Jumatano.”

“Na weye walikuambia lini?”

Estella angeweza kusema Jumamosi. Hakuna ambaye angemsaliti. Mama Goreth mwenyewe angeapa.

“Alhamisi.”

Larissa alihesabu kwa vidole, kama mtoto. Alhamisi. Ijumaa. Kidole cha Ijumaa kikabaki juu.

“Ijumaa tuliimba.”

“Ndiyo.”

“Nilimrusha mama.”

“Ndiyo, Larissa.”

“Na weye ukasema…”

Estella alipiga magoti kando ya kiti. “Mama Goreth alisema ungoje watu. Nilijaribu kukuzuia, nilikuambia koo…”

“Mama Goreth amefanya ya Mama Goreth. Simkasirikii. Hata mimi ningekuwa mzee ningefanya hivyo.” Larissa bado alitazama nje. “Lakini nilikula chipsi, Estella. Nilicheka mpaka siki ikanitoka puani. Siku mbili nilikuwa na mama wa kulilia, na nilikuwa nacheka, na weye ulinitazama nikicheka.”

“Ningefanyaje?”

“Sijui,” Larissa akasema. “Hilo ndilo baya. Hata mimi sijui.”

*

Walipiga simu Johannesburg siku hiyohiyo. Elysée alisema pole nyingi, pole sana, lakini kanda mia tano za kwanza zilikuwa zimekwisha toka, na jina lenyewe lisingeweza kutolewa. Kulifuta ni kuzifuta sauti zote mbili. Larissa akasema basi, iache.

Na ndipo walipofanikiwa. Hilo ndilo lililomuuma Estella kuliko yote: kwamba ilikuwa sasa. Kufikia Krismasi wimbo ule ulisikika ndani ya taxi, kwenye meza za wauza viatu, hata Wazulu wa saluni ya jirani waliimba kwato zake kwa ulimi. Watu wa redio ya jamii waliupiga kila Jumapili. Barua zilitoka Cape Town, na moja kutoka kambini Tanzania, ya mtu aliyesema wanausikiliza kumi na watano kwenye redio moja, na kwamba jina wanalolipenda ni la yule mama wa mlangoni.

Larissa aliisoma ile barua, akaikunja, akaiweka chini ya sahani. Bado waliishi chumba kimoja. Bado walisuka na kuosha, wakapeana chumvi mezani. Lakini Larissa hakumtania tena. Akisema “tafadhali” na “asante,” Estella alisikia kila neno kama mlango unaofungwa polepole.

Pasaka ya 1999 waliitwa kuimba kwenye ukumbi wa kanisa kule Berea. Larissa alikubali kwa kuwa alikuwa ameahidi kabla ya msiba.

“Majina matatu tu,” alimwambia Estella nyuma ya pazia. “Israël, Bernadette, Gaël. Kisha Urbain azime ngoma. Umeelewa?”

“Nimeelewa.”

Watu walijaa hadi ngazini, wamevaa nguo za kutoka kanisani. Farasi Wawili waliimba nyimbo nne na zote zilipokelewa kwa mbinja. Wa tano ukaja. Israël wa Fizi. Kwato zikazima, Estella akanong’ona, na ukumbi mzima ukanong’ona naye. Larissa alitabasamu kidogo, bila kutaka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya mayai. Bernadette. Gaël.

Kisha Larissa akakaa kimya, kama walivyopatana. Lakini Urbain alikuwa anapiga kanda ya mdundo iliyokatwa zamani, na mkono wake ulichelewa kufika kwenye kitufe. Kwato ziliendelea hatua chache, kisha zikazima zenyewe pale zilipozoea kuzima. Jina halikurushwa. Wala halikuhitajika. Watu mia tatu waliokuwa wameisikiliza kanda ile miezi minne walijua nani anaitwa katika kimya kile, wakainama mbele kidogo, wakanong’ona kwa upole wote waliokuwa nao:

“Yupo.”

Estella peke yake hakusema. Alifunga midomo hadi meno yakamuuma. Larissa alimgeukia, akamtazama kwa muda mrefu, na Estella hakujua kama ilikuwa hasira ama shukrani iliyochelewa. Kisha Larissa akakaa chini pale jukwaani, miguu mbele, kama mtu aliyefika nyumbani amechoka, akaweka maikrofoni sakafuni. Hakuna aliyejipanga kumshika. Watu walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya wimbo.

Hakuimba tena. Mwezi wa sita alipanda basi la Cape Town, alikokuwa na binamu yake Marie-Louise. Estella alimbebea begi mpaka kituoni. Waliongea habari za koti, kwamba kule kuna baridi. Mguu ukiwa kwenye ngazi ya basi, Larissa alimgeukia.

“Ile ya ukumbini,” akasema. “Uliponyamaza. Nilikuona.”

“Nilichelewa.”

“Ndiyo,” Larissa akasema. Akamrekebisha Estella kola, kama zamani, akapanda.

*

Kanda haikuzeeka. Mwisho wa mwaka, wakati watu wote walikuwa wanaogopa kompyuta na mwaka elfu mbili, mteja mmoja mgeni aliingia saluni, Mtanzania aitwaye Kidawa, akainamisha kichwa kwenye sinki. Mama Goreth alikuwa ameweka redio. Ulikuja wimbo ule. Estella aliendelea kuosha. Alikuwa amejifunza kuosha huku unapita.

“Mama Ernestina!” Larissa akaita kutoka redioni, kijana, mwenye siki mdomoni. “Kaa hapo hapo mlangoni, mama, ninakuja!”

“Yupo,” akanong’ona Estella wa redioni.

“Yupo,” akanong’ona Kidawa, macho amefumba, povu masikioni. Kisha akacheka kwa aibu. “Nisamehe, dada. Huyu mama huwa namwitikia kila mara. Hata simjui. Mnamjua nyie? Yuko wapi?”

Saluni ilikuwa na wateja watano. Mama Goreth aliacha kuchana, akamtazama Estella, akatikisa kichwa kidogo: waache.

Estella alifunga bomba la maji.

“Alikuwa mama wa mwenzangu,” akasema. Hakunong’ona. Sauti yake ilitoka ngeni, kubwa, yenye mikwaruzo, na mashine za kukaushia hazikuifunika. “Alifariki. Siku ile naitikia hapo, alikuwa amekwisha fariki, na mimi nilikuwa najua.”

Redioni kwato zilikuwa zinamalizia. Kidawa aliinua mkono wake uliolowa, akautafuta mkono wa Estella pembeni ya sinki, akaushika, na maji yakaendelea kudondoka kutoka kichwani mwake hadi sakafuni.